Mwiko Mkononi, Mwiko Mezani

Jamu ya maembe iliyopikwa katika nyumba moja ya komini ya Manika, Kolwezi, haikupakwa kwenye mkate. Ilipasuliwa. Mwandishi wa makala haya (haya ya kusoma, siyo yale ya gunia, yaani makaa, yanayowashwa kwenye mbabula) aliigonga kwa mpini wa kisu, akahamia kwenye mchi, na kipande kimoja kikaruka, kikalia kwenye sakafu na kujificha chini ya kabati. Mtoto wa jirani, aliyekulia katika mji wa madini na anayejua mawe kuliko anavyojua hesabu, alikitoa huko, akakigeuzageuza mwangani, kisha akatoa hukumu: "Hapana, mama. Malakiti iko kijani."

Kisa chenyewe kilianza kwa mdomo kutangulia akili. Mwandishi ana shemeji Mworthodoksi, na 6 Desemba ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola, ambaye shemeji anabeba jina lake. Watu walikuwa wakigawana kazi za karamu: huyu soda, yule mchele, yule viti vya kukodi. Mwandishi, ambaye angeweza kunyamaza tu na kuleta soda, alisema, "Desere ni kwangu." Vitabu vya shule vinaiita kitindamlo. Kolwezi inaiita desere, na mara nyingi huwa ni soda.

Shemeji alishukuru, akaongeza neno moja dogo kama mtu anayekumbusha chumvi: "Lakini tuko kwenye mfungo."

Msomaji wa Mombasa au Dodoma anaweza kushangaa kwamba mji huu wa shaba na kobalti una Waorthodoksi wa kutosha kujaza uwanja wa nyumba. Wapo, na si wa jana. Padri Kosmas, mtawa wa monasteri ya Grigoriou katika Mlima Athos huko Ugiriki, alikuja Kolwezi mwishoni mwa miaka ya 1970, akahubiri, akalima na kujenga, mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1989. Waumini wake walibaki na ibada, na walibaki pia na kalenda ya chakula inayoweza kumtoa mpishi jasho. Mfungo wa Noeli ni siku 40, kuanzia 15 Novemba hadi 24 Desemba. Nyama haipo, maziwa hayapo, mayai hayapo, siagi haipo. Samaki huruhusiwa siku kadhaa, ila hakuna aliyewahi kufurahia keki ya samaki.

Kwa upande mwingine, hakuna mfungo uliopangwa kwa huruma zaidi katika mkoa wa Lualaba. Novemba na Desemba ni miezi ambayo maembe yanaanguka usiku juu ya mabati na kuamsha watu wakidhani ni wezi. Mafungu ya maembe yanapangwa kando ya kila barabara. Kando yake yanakuja masuku ya msituni, na matunda ya mti ambao Wabemba wanauita mufungo, kana kwamba mti wenyewe ulijua kalenda ya Kanisa. Matunda yalikuwa tele. Kilichohitajika ni mtu wa kuyaacha yalivyo. Mwandishi hakuwa mtu huyo. Yeye alitaka kitu kinachotikisika kwenye sahani.

Kiswahili kina utani wake wa kale: kile cha kukorogea ni mwiko, na kilichokatazwa ni mwiko. Kwa wiki tatu mwandishi alishika mmoja huku akivunja mwingine.

Jaribio la kwanza lilikuwa jeli ya nanasi. Pakiti ya jelatini ilinunuliwa, nanasi likamenywa na kukatwa vipande vya kupendeza, vyote vikalala ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi ilikuwa supu. Usiku wa pili zikatiwa pakiti mbili: supu yenye uzito kidogo, kama imeanza kufikiria. Usiku wa tatu pakiti tatu, na supu haikubadili msimamo. Shemeji alipopita kusalimia, aliona pakiti tupu juu ya meza, akasoma maandishi madogo ya Kifaransa mgongoni mwake, akauliza kwa upole wa mtu aliyefunga: "Yaya, unajua hii inatokaka kwa ng'ombe?"

Hakujua. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, inayochemshwa mpaka itoe ute wake. Mfungo ulikuwa umevunjwa ndani ya friji, mara tatu. Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo lililomfanya mwandishi acheke peke yake jikoni. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini, na kazi ya bromelini ni kukatakata protini. Papai nalo lina papaini, ndiyo maana nkambo zetu walifunga nyama ngumu ndani ya majani ya mpapai bila kumwuliza mwanakemia yeyote. Jelatini ni protini. Kwa hiyo kwa siku tatu nanasi lilikuwa likimtafuna ng'ombe polepole, gizani, mlango wa friji ukiwa umefungwa. Katika nyumba nzima, aliyekula nyama wakati wa mfungo alikuwa nanasi peke yake.

(Ukilichemsha nanasi kwanza, kimeng'enya kinakufa na jeli inashika. Ng'ombe anabaki palepale, hata hivyo.)

Ipo jeli isiyo na mnyama, ile ya agari, na agari hutoka kwenye mwani. Hapa mwandishi aliota kidogo kuhusu Zanzibar. Kule Paje na Jambiani kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake, wanaosimama ndani ya maji wakati bahari imetoka, wakifunga vijiti na kamba. Mwani wao hautoi agari. Unatoa ndugu yake, karajini, inayofanya aiskrimu na dawa ya meno za nchi za mbali zisitengane. Lakini Kolwezi ipo katikati ya bara, na pakiti ndogo ya agari iliyopatikana, baada ya kuulizia maduka manne, ilikuwa na bei ya kutajwa kwa sauti ya chini. Mwandishi aliirudisha kwenye rafu kwa mikono miwili, kama mtoto wa mtu.

Basi jamu. Jamu haina ng'ombe. Jamu ni embe, sukari na moto. Kitabu cha mapishi cha Kifaransa kilikuwepo nyumbani, kimepoteza jalada na kurasa za nyama, jambo lililoonekana kama ishara njema. Kitabu kilishauri mambo mawili. La kwanza: beseni la shaba. Wafaransa wanapenda kupikia jamu katika shaba kwa sababu inasambaza joto haraka na sawasawa, jamu isiungue chini. Ushauri mzuri sana kwa mtu wa Kolwezi, mji ambao malori yake yanabeba vibao vya shaba kuelekea mpakani Kasumbalesa mchana na usiku na kutimulia mavumbi maembe ya watu. Mwandishi alikwenda sokoni kuulizia beseni la shaba. Muuzaji wa sufuria aliita wenzake waje wasikie swali hilo tena. Vyombo vyote vilikuwa vya alumini. Mababu wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuisubu ikawa misalaba, wakaitumia kama fedha. Laiti mmoja wao angependa vitu vitamu, leo kungekuwa na hata beseni moja la kurithi.

Ushauri wa pili ulikuwa mtego. Chemsha, kilisema kitabu, mpaka nyuzi 105. Kipimajoto kiliazimwa. Embe lilianza kuchemka vizuri, likatoa harufu iliyoleta watoto wa nyumba tatu mlangoni, likafika nyuzi 98, 99, 100, na hapo likawa zito na la kung'aa, likidondoka kutoka kwenye mwiko polepole, tone moja likisubiri jingine. Kila mwanamke aliyewahi kupika angejua kwamba limeiva. Mwandishi alitazama kipimajoto, akatazama kitabu, akaongeza makala kwenye mbabula.

Kolwezi ipo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji yanachemka karibu na nyuzi 95, siyo 100 kama kule pwani. Jamu hupimwa kwa umbali wake kutoka kwenye mchemko wa maji: pwani hushika ikifika 104 au 105, na Kolwezi hushika karibu na 100. Ukiisukuma mpaka 105 huku juu, huipiki tena. Unalikausha embe mpaka sukari ibaki peke yake na hasira zake. Kitabu kilikuwa kimeandikwa na mtu wa bondeni. Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile jamu ya kupasuliwa kwa mchi, na sufuria ambayo hadi leo ina ramani ya kahawia chini yake isiyotoka kwa mchanga wala kwa maombi.

Zilibaki siku tisa.

Ndizi zilizoiva mpaka zikawa na madoadoa, zikigandishwa na kusagwa, zinageuka laini kabisa kama aiskrimu, bila tone la maziwa. Huo si uzushi. Mwandishi aliwahi kuila Lubumbashi kwa dada yake, akaomba tena. Ndizi ishirini zilimenywa, zikakatwa, zikapangwa kwenye sahani ndani ya kigandishi. Usiku huohuo umeme ukaondoka.

Hapa inabidi kusimama kidogo, maana jiografia yenyewe ni kichekesho. Laini ya umeme ya Inga, iliyokamilika mwaka 1982, inatoka karibu na mdomo wa mto Kongo, inatembea kilomita zipatazo 1,700 juu ya misitu na savana, na inapochoka kabisa inaketi wapi? Kolwezi. Na kama hiyo haitoshi, kwenye mto Lualaba yapo mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950 ili mitambo ya shaba isilale. Umeme unazaliwa hapa, umeme unafika hapa kutoka upande wa pili wa nchi, na ndizi ishirini za mwandishi ziliukosa kwa siku mbili. Jioni ya pili alifungua kigandishi akimulika kwa simu. Betri ya simu ya namna ile ina kobalti ndani yake, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa katika udongo wa mkoa huu. Madini ya Lualaba yalisafiri mpaka ng'ambo, yakarudi Manika ndani ya simu, yakafanya kazi moja: kuonyesha, kwa mwanga mkali na mzuri, ndizi ishirini nyeusi zikielea kwenye maji yao.

Katikati ya mambo hayo alifika mpwa wa mwandishi kutoka Ubelgiji, kijana mwenye adabu, begi dogo na habari nzito: yeye ni vegani. Neno lenyewe lina tarehe ya kuzaliwa. Lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, waliochukua neno la Kiingereza la wasiokula nyama, wakakata kiwiliwili na kubakiza kichwa na mkia. Wao walikataa pia maziwa, mayai na asali. Nyumba ilijaribu kulielewa jambo hilo kwa Kiswahili.

"Maana yake," mpwa alimweleza mjomba mkubwa, "mimi ni mla mboga tu."

"Sasa iko tatizo gani?" mjomba akajibu. "Hata mimi ninakulaka mboga. Jana nilikula mboga ya kuku."

Mpwa alikuwa amesahau lugha ya nyumbani. Kolwezi, chochote kinachoshuka na bukari, yaani ugali, ni mboga: sombe (majani ya muhogo) ni mboga, samaki ni mboga, mbuzi ni mboga, na vinkubala, wale viwavi waliokaushwa wanaopendwa kuliko mbuzi, ni mboga ya wageni wa heshima. Ukijitangaza mla mboga mbele ya wazee wa huku, umejitangaza mtu wa kawaida mwenye hamu ya kula. Mjadala ulihamia kwa viwavi. Shemeji aliona si chakula cha mfungo. Mpwa aliona walikuwa na haki ya kuwa vipepeo. Mjomba aliona vijana wa siku hizi hawana kazi.

Asali ikafuata. Mwandishi alikuwa na chupa ya asali ya msituni, nyeusi, yenye harufu ya moshi, aliyokusudia kuimwagia maembe na kumaliza aibu zote. Kwa shemeji asali si tatizo. Mfungo wake unaikubali. Kwa mpwa asali ni mali ya nyuki. Samaki naye, ambaye siku ya Mtakatifu Nikola anaruhusiwa kwa shemeji, kwa mpwa haruhusiwi siku yoyote ya mwaka. Watu wawili wakae meza moja, wote wakatae maziwa, na bado miiko yao isilingane! Chupa ya asali ilirudi juu ya kabati. Kiwango chake kimekuwa kikishuka tangu hapo, na mwandishi hana maelezo.

Mpwa alijaribu kuyatuliza mambo kwa kukata embe. Embe lilikuwa zuri, la njano, na ndani yake kulikuwa na mtu mwingine. Inzi wa matunda anayeitwa Bactrocera dorsalis, mzaliwa wa Asia, aligunduliwa barani Afrika mwaka 2003 nchini Kenya, kisha akasambaa haraka kuliko habari za harusi. Anataga chini ya ganda na watoto wake wanakulia kwenye nyama ya tunda. Mmoja wao alikuwa anajinyoosha kwenye kisu cha mpwa.

Kimya kikatanda. Mjomba akainama, akamtazama kwa makini. "Huyu ni mzima bado," akasema. "Haijakuwa nyama."

Wokovu ulitoka Ugiriki, kupitia jiko la mke wa padri wa parokia ya shemeji. Kuna halua ya Kigiriki inayopikwa siku za mfungo, na inashikwa kwa hesabu ya mtoto wa chekechea: kipimo 1 cha mafuta, 2 vya semuli, 3 vya sukari, 4 vya maji. Halua ya Zanzibar na ya Oman ni binamu yake tajiri zaidi, ya wanga, samli na hiliki, inayokorogwa mpaka bega liombe radhi. Hii ya semuli ni ya haraka. Unakaanga ngano ile ya chengachenga kwenye mafuta mpaka iwe na rangi ya biskuti, unamwagia sharubati ya moto, unarudi nyuma kwa sababu inalipuka kama mbwa aliyekanyagwa, unakoroga, unaimimina kwenye bakuli, na ikipoa kidogo unaipindua.

Ingeishia hapo ingekuwa makala fupi. Lakini karamu ilihitaji tunda, na mwandishi alikuwa na maembe ndoo nzima (yaliyokaguliwa, moja moja, mbele ya mashahidi). Akaamua kwamba vipimo 4 vya maji viwe vipimo 4 vya embe lililosagwa. Kwa maneno, ni kitu kilekile. Kwa sufuria, hapana: rojo la embe halina maji ya kutosha kuinywesha semuli, na semuli yenye kiu inavuta kila kinachoikaribia. Dakika ya tatu mwiko ulianza kusimama wima wenyewe. Dakika ya tano ilibidi mpwa ashike sufuria kwa kitambaa huku mwandishi akisonga kwa mikono miwili, goti moja chini, pumzi juu. Jirani aliyepita dirishani aliuliza kama wageni ni wengi kiasi hicho.

Kilichopinduliwa juu ya sahani siku ya karamu kilikuwa kitu cha duara, laini juu, cha njano, kinachotoa moshi. Mwandishi alikiweka katikati ya meza na kungoja sifa. Mjomba mkubwa alitazama, akaridhika. Akanawa mikono. Akamega tonge, akalifinyanga, akalibonyeza kwa dole gumba mpaka likapata shimo lake, akalishikilia hewani, akageuka huku na huku.

"Mboga iko wapi?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Hilo linasemwa kwa heshima ya familia. Shemeji alikuwa wa kwanza kushindwa. Alipopata pumzi, alisogeza bakuli la sombe yake ya mfungo, iliyopikwa kwa mawese na karanga bila hata kichwa cha ndagala, na mjomba akachota, akala, akatafakari. "Iko na sukari kidogo," akasema, akamega tena. Mpwa alionja baada yake, akafumba macho, akaomba sahani. Mwandishi, ambaye alikuwa amejiandaa kukasirika, anakiri kwa masikitiko kwamba bukari ya maembe kwa sombe ya karanga si mbaya hata kidogo.

Uani mambo yalikuwa mengine. François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima kuhusu vyakula vya misitu ya miombo, na watoto wa karamu ile walikuwa wanakirudia kwa vitendo, bila kukisoma. Walikuwa wamegundua beseni la masuku lililonunuliwa asubuhi kwa ajili ya kupamba meza tu. Masuku hayapikwi. Unabana ganda kwa vidole mpaka lipasuke, unavuta nyama ya ndani iliyo tamu na yenye ulaini wa tende, unazungusha mbegu mdomoni mpaka zibaki kavu, unazitema mbali kuliko mwenzako. Beseni lilikuwa limebaki maji ya kuoshea na majani mawili. Hakuna mtoto aliyeulizia desere.

Isipokuwa mmoja, mwanajiolojia wa mlango wa pili. Yeye alikuwa ameikuta sufuria jikoni, na kwenye sufuria ule ukoko wa semuli na embe, wa kahawia, uliong'ang'ania chini, juu kabisa ya ramani ya ile jamu ya Novemba. Alikwangua kwa bidii ya mchimbaji. Kikasikika kishindo kikavu, kisha akatokea mlangoni, mashavu yakiwa njano, akiwa na kipande cha ubao katika kila mkono.

"Mama," alitangaza mbele ya wageni wote, "mwiko umevunjika."

Shemeji aliinuka kitini. "Nani? Amekula nini?"